Pacha wa kioo wa dawa na bakteria wafuma sukari: dhana potofu na ukweli

Dhana: Molekuli zenye atomu zile zile ni dawa ile ile.

Ukweli: Jozi ya akala pale Kariokor hukatwa kutoka tairi moja kwa kipimo kimoja, lakini ya kushoto haikai vizuri mguu wa kulia. Molekuli nyingi za dawa nazo huja kwa jozi, kila moja ikiwa taswira ya mwenzake kwenye kioo, na protini za mwili huzitofautisha. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa kawaida ni mchanganyiko wa pacha hao nusu kwa nusu: mmoja ndiye hasa anayeua minyoo, ilhali mwenzake huongeza ukubwa wa kidonge na uchungu ambao mzazi yeyote aliyewahi kumpa mtoto dawa hiyo anaujua. Dawa ya watoto yenye pacha mmoja tu ilijaribiwa Kenya na Kodivaa, na mwaka 2023 ikaungwa mkono na Shirika la Dawa la Ulaya.

Dhana: Pacha hao hutenganishwa kwa kuchemsha au kuchuja.

Ukweli: Huchemka kwenye joto moja na wana ukubwa mmoja, kwa hiyo kinachohitajika ni kitu ambacho chenyewe kina upande. Selulosi na amilosi ni minyororo ya glukosi yenye upande mmoja tu, na ndiyo maana Yoshio Okamoto na wenzake nchini Japani, katika miaka ya 1980, waliibadilisha kikemia, wakaipaka juu ya chembe za silika na kuzishindilia ndani ya mrija wa chuma. Dawa iliyoyeyushwa inaposukumwa humo, pacha mmoja hunaswa kidogo zaidi na kutoka akiwa amechelewa.

Dhana: Bakteria waliobadilishwa jeni huishia ndani ya kidonge.

Ukweli: Hii ndiyo hofu ninayoiona haina msingi kabisa. Kazi ya bakteria ni kutengeneza selulosi, malighafi ya chombo cha kutenganishia, wala si dawa. Bakteria aitwaye Komagataeibacter xylinus hufuma selulosi isiyo na lignini, kitu kinachoshikilia na kukaza mbao za miti. Ni selulosi ya aina hiyo inayounda utando unaoelea juu ya kombucha, chai iliyochachushwa. Wanaobadilisha jeni za vijidudu vya aina hii hulenga kuongeza mavuno, kudhibiti urefu wa minyororo au kubadilisha sukari inayoiunda. Baada ya hapo selulosi huoshwa kwa magadi makali yanayoua na kuyeyusha seli, ndipo mkemia anapoipachika vikundi vya atomu viitwavyo kabamati, kwa kuwa selulosi ghafi huwatenganisha pacha kwa udhaifu mno. Minyororo hiyo ya selulosi hubaki mrijani. Dawa hupita tu.