Anwani ya IP na njia ya kuifikia

Anwani ya IP hutaja data inakwenda kwa nani. Haisemi ipitie wapi. Ukifungua video mtandaoni, ombi lako husafiri kama pakiti, vipande vidogo vya data vilivyoandikwa anwani ya mwisho wa safari, na ruta, vifaa vinavyoelekeza data mtandaoni, hupokezana vipande hivyo. Hakuna ruta inayoijua safari nzima. Kila moja hutazama jedwali lake ione imkabidhi jirani yupi.

Jedwali hilo hujazwa na itifaki za kuelekeza njia, yaani kanuni ambazo ruta hutumia kupashana habari za njia. Baina ya mitandao mikubwa hutumika BGP, iliyobuniwa mwaka 1989. Kila mtandao huwatangazia majirani: "Anwani hizi zinafikika kupitia kwangu," nao huwapasha majirani zao. Hutangazwa mafungu, si anwani moja moja. Fungu la /22 lina anwani 1,024, la /24 lina 256. Anwani ikiangukia mafungu mawili, ruta hufuata lililo dogo zaidi, kwa kuwa ndilo linaloonyesha mahali kwa karibu zaidi.

Kanuni hiyo ndogo ndiyo ninayotaka uishike, maana ndipo anwani na njia zinapokutana. Tarehe 24 Februari 2008 YouTube ilikuwa ikitangaza 208.65.152.0/22. Serikali ya Pakistan ikaagiza tovuti hiyo ifungwe nchini humo, na Pakistan Telecom ikatangaza 208.65.153.0/24, ili pakiti za wateja wake zipotelee hapo hapo. Tangazo likavuka mpaka hadi PCCW, kampuni ya simu ya Hong Kong, iliyolipokea bila kulihakiki na kulisambaza. Ruta ulimwenguni zikafuata fungu dogo kama zilivyoagizwa, na kwa takriban saa 2 watu wengi wakaikosa YouTube. YouTube nayo ikatangaza /24 ile ile, kisha /25 mbili, ndogo zaidi, ili kuzirudisha ruta. Hatimaye PCCW ikalifuta lile tangazo.

Siku hizi mwenye anwani anaweza kutia saini ya kidijitali, kupitia mfumo uitwao RPKI, kutaja mtandao wenye haki ya kuzitangaza. Afrika huduma hiyo iko AFRINIC, Mauritius, wanaogawa anwani barani. Mtoa huduma asiyeweka saini hiyo anawaacha wateja wake bila kinga inayopatikana. Hata hivyo, saini huhakiki aliyelianzisha tangazo tu. Haihakiki mitandao iliyolipitisha katikati.