Je, wajua? Moyo uliosimama kabisa haushtuliwi kwa umeme

Kwenye tamthilia za hospitali mambo huwa hivi: mstari wa kwenye skrini unanyooka, mashine inalia mlio mmoja mrefu, daktari anasugua vile vibao viwili, anafoka "Sogeeni!", mgonjwa anaruka kitandani, moyo unarudi. Niliyaamini haya kwa miaka, mpaka nilipomwuliza binamu yangu muuguzi kwa nini kwao hawafanyi hivyo. Akacheka. "Mashine tunayo. Mstari ukishanyooka, haina kazi."

Nilikuwa nimelishika jambo kichwa chini miguu juu. Nilidhani umeme huuamsha moyo, kama gari lililokufa betri linavyobustiwa. Kumbe kazi ya mshtuko ni kuunyamazisha.

Fikiria darasa la chekechea mwalimu akiwa nje. Kila mtoto anaimba wimbo wake, kelele tupu, hakuna wimbo unaosikika. Mwalimu anaingia, anapiga meza: paa! Kimya. Katika kimya hicho kiranja anaanzisha wimbo, wote wanaitikia. Kiranja wa moyo ni kikundi kidogo cha seli kilicho sehemu ya juu ya chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia, ambacho mtu akiwa ametulia huanzisha mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Zile kelele ni hali ambayo misuli ya vyumba vya chini hutetemeka ovyo bila kusukuma damu. Madaktari wa upasuaji walioiona kwa macho huifananisha na mfuko wa minyoo. Hapo ndipo mshtuko unapofaa. Mwaka 1947, huko Cleveland, Marekani, daktari wa upasuaji Claude Beck alimwokoa kwa njia hiyo kijana wa miaka 14, kifua kikiwa wazi.

Sasa mstari ulionyooka ni darasa ambalo kiranja na wenzake wote wamezimia. Upige meza umnyamazishe nani? Hata zile mashine za viwanja vya ndege, zinazopima moyo zenyewe, zikikuta hali hiyo hutangaza kwamba mshtuko haufai. Kinachofanyika ni kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, adrenalini, na kusaka chanzo: damu iliyomwagika, oksijeni kidogo, potasiamu iliyopanda.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1996 ulihesabu vipindi vya televisheni, ER kikiwemo: asilimia 75 ya waliosimama moyo walizinduka. Wodini hali si ya ukarimu hivyo, ingawa matokeo hutofautiana sana kulingana na ugonjwa na kasi ya msaada.

Tahadhari moja: mtetemo hafifu sana unaweza kuonekana kama mstari ulionyooka. Na waya uliochomoka kifuani nao huchora mstari uleule. Ndiyo maana binamu yangu, mlio ukianza, humtazama mgonjwa kwanza. Mara nyingine humkuta amekaa kitandani, anakunywa uji.