Ngano ikiwa manjano, usikimbilie CAN

Jana jioni nimetumiwa picha ingine kwa WhatsApp, jani moja la ngano, manjano, limeshikwa na vidole viwili, halafu chini ameandika tu "daktari niongeze CAN magunia ngapi?" CAN ni ile fatalaiza ya nitrojeni. Shamba liko wapi hajasema, ngano ina wiki ngapi hajasema, mizizi sijaona, na tayari tumefika kwa magunia. Niko Njoro, Kenya, kazi yangu ni kuzunguka mashamba ya ngano kutoka hapa mpaka Rongai na Mau Narok, na hili swali msimu huu limenichosha kabisa, kwa hivyo naandika mara moja, mwingine akiuliza namtumia hii.

Ati manjano ni nitrojeni imeisha

Saa zingine ni kweli, na hapo ndio shida inaanzia, mtu aliweka CAN mwaka fulani shamba ikashika kijani, basi tangu hiyo siku kila manjano kwake ni CAN. Lakini jiulize ngano yenyewe hufanya nini ikikosa chakula, maana haikai tu ikingoja wewe. Nitrojeni ikipungua kwa udongo, mmea unaitoa kwa majani ya zamani kule chini na kuipandisha kwa jani jipya, kama mtu anang'oa mabati ya stoo aezekee nyumba. Ndio maana njaa ya nitrojeni inaanza chini, jani la zamani linageuka manjano kutoka ncha kurudi nyuma na la juu bado liko kijani. Fosforasi, potasiamu na magnesiamu nazo zinahamishwa hivyo hivyo. Salfa sasa ni kichwa ngumu, ikishaingia kwa jani la zamani kuitoa huko ni kazi, chuma na kopa (shaba) pia, kwa hivyo hizo zikikosekana linaloumia kwanza ni jani changa la juu, na la chini limenona tu.

Umeona sasa mbona jani moja kwa vidole halinisaidii? Sijui umelichuma juu au chini!

Na kuna watu wengi hapa wamepanda na DAP, fatalaiza ya kupandia yenye fosforasi, wakatopudresi na CAN, yaani kuongezea ngano ikishaota, miaka nenda miaka rudi. Kwa hizo mbili hakuna salfa ya maana. Ngano yake inakuwa manjano juu, anaongeza CAN, manjano inabaki pale pale, anasema fatalaiza siku hizi ni feki. Mzee, si feki, umeleta chakula ambacho mmea haukuitisha. SA, yaani salfeti ya amonia, ina salfa 24% lakini nayo inaongeza asidi, kwa hivyo pima udongo kwanza, usikimbie agroveti.

Kopa ndio inaniuma zaidi. Udongo wetu wa majivu ya volkano huku Rift Valley unajulikana kwa kukosa kopa, hii kitu iliandikwa tangu miaka ya 60, na bado mtu anashangaa. Ncha za majani machanga zinakuwa nyeupe na kujikunja, halafu suke linatoka halina punje kwa sababu poleni imekufa. Kuna mzee upande wa Mau Narok aliona hizo ncha, akaambiwa dukani aweke urea, fatalaiza ingine ya nitrojeni, akaweka, akarudia, na nitrojeni nyingi kwa shamba lisilo na kopa inazidisha hiyo njaa. Kombaini ilipoingia ilivuna makapi. Kopa kidogo ya kupulizia mapema, kabla suke halijaanza kuvimba ndani ya shina, ingemsaidia.

Halafu kuna manjano isiyo njaa hata. Pitisha kidole kwa jani, ukitoka na unga wa manjano hiyo ni kutu, ugonjwa wa kuvu, tafuta dawa ya kutu. Kama maji yamesimama shambani, mizizi inakosa hewa, CAN utamwagia nani?

Ati ngano ni ngumu, itajitafutia

Inajitafutia kweli. Inarefusha mizizi, inaongeza vinyweleo, na mizizi yake inatoa kemikali fulani inayonasa chuma na zinki kwa udongo kisha inavutwa ndani nazo, kitu maharagwe haiwezi. Lakini hiyo kazi inalipiwa, machipukizi yanapungua, kwa hivyo masuke pia yanapungua. Na pH, kile kipimo cha asidi ya udongo, ikishuka chini ya 5.5 alumini inaanza kuyeyuka inaunguza ncha za mizizi, inabaki mifupi minene kama vidole, sasa itatafuta na nini? Fosforasi nayo inashikwa na hiyo alumini pamoja na chuma, unaweka DAP udongo unaifungia, na DAP yenyewe inaongeza asidi mwaka baada ya mwaka. Weka chokaa. Na si wiki ya kupanda kama wengi wenu mnavyofanya, weka miezi miwili mitatu mbele, uchanganye na udongo.

Ati kijani ya giza ni afya

Ngano iliyokosa fosforasi huwa kijani ya giza, saa zingine na zambarau kidogo, na imedumaa. Hesabu machipukizi, wacha rangi.

Ati ya kupulizia kwa majani itaokoa

Kwa kopa au zinki sawa, mmea unahitaji kidogo sana. Kwa nitrojeni hapana. Gunia moja la DAP la kilo 50 lina kilo 9 za nitrojeni, na hata hiyo peke yake haitoshi eka ya ngano. Ile chupa ya lita moja uliyouziwa, iweke kwa mizani, na maji yake na plastiki yake, haifiki kilo mbili, sasa hizo kilo 9 zitakaa wapi?