Mtoto ana degedege, we unasikiliza voisi: maswali ninayoulizwa kila siku

Mi nafanya kazi zahanati moja hapa Kigoma, sio mbali na ziwa. Juzijuzi usiku nimeletewa mtoto wa miaka miwili na kitu, amefungwa kitenge, anang'aa mafuta ya mise (yale ya kokwa za mchikichi) kichwa mpaka miguu, ananuka moshi, macho yamegeuka. Homa ilianza juzi yake asubuhi. Mama yake sio mzembe, tena tangu juzi hajalala anahangaika, tatizo alikuwa anahangaikia kwenye simu. Nafungua droo nichukue dawa akanishika mkono, "dokta usimchome, atakufa", akatoa simu anisikilizishe voisi ya WhatsApp, ina ile mishale miwili ya kufowadiwa mara nyingi, mwanaume anayejiita daktari anasema mtoto mwenye degedege akiguswa na sindano roho inakatika hapohapo. Mtoto anatetemeka kitandani mi nasikilizishwa voisi. Sasa nimeamua niandike maswali yote mnayoniulizaga, nijibu mara moja, na jibu moja nitalirudia mpaka mchoke.

Degedege ni nini hasa?

Mtoto anakakamaa, anarusha mikono na miguu, macho yanageuka, povu mdomoni, ukimwita hasikii. Kwa watoto wadogo huku kwetu mara nyingi ni homa kali ya malaria, au malaria imeshafika kwenye ubongo, au sukari imeshuka mwilini. Homa ya uti wa mgongo nayo inaleta. Sio ndege wa usiku, sio upepo wa ziwani, sio mke mwenzio.

Ni kweli sindano inaua mtoto mwenye degedege?

Hapana. Sindano haiui mtoto mwenye degedege. Kinachomuua ni malaria ambayo imeachwa siku mbili tatu inakula damu yake. Narudia kwa anayesoma huku anapepeta dagaa: sindano haimuui, kuchelewa ndo kunamuua.

Mbona mtoto wa jirani yangu alichomwa na akafa hapohapo?

Hili ndo swali la maana kuliko yote na sitaki kulicheka, maana ulichokiona umekiona kweli. Ila hebu tuhesabu siku. Homa Jumatatu. Jumanne kuna klipu inasema majani ya mpapai na limao, akanyweshwa. Jumatano akaanza degedege, akapelekwa kwa bibi kufukizwa moshi na kupakwa mafuta. Alhamisi alfajiri amelegea, viganja vyeupe kama karatasi, hawezi hata kunyonya, ndo bodaboda inaitwa. Anafika saa moja, anachomwa saa moja na robo, saa mbili anafariki. Mtaa mzima unakumbuka nini? Sindano. Ile Jumatatu, Jumanne na Jumatano hakuna anayezikumbuka, kwa sababu hazikuwa na kitu cha kuonyeshea kidole. Alafu mtu mmoja anarekodi voisi msibani, kwa uchungu kabisa wala hana nia mbaya, inafika Ujiji, inafika Kasulu, inarudi tena Mwanga kama habari mpya. Mama mwingine anaisikia, naye anachelewa, naye anakuja Alhamisi. Uongo unazalisha ushahidi wake wenyewe, mnaona hiyo biashara? Watoto wanaoletwa siku ya kwanza wanachomwa au wanapewa vidonge wanarudi nyumbani wanacheza, na hao hakuna anayewarekodia voisi.

Nyie mnajuaje kama sio sindano? Si mmeambiwa tu na wazungu?

Tunajua kwa sababu kuna watu walikaa wakahesabu. Mwaka 2010 zilitoka taarifa za utafiti uliofanyika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, watoto 5,425 wenye malaria kali, hao ndo mahututi kabisa. Nusu walipewa sindano ya kwinini, dawa ya malaria ya zamani, nusu sindano ya artesunate, dawa mpya yake. Yaani wote walichomwa, na wengi mno walibaki hai. Upande wa kwinini walifariki 297, upande wa artesunate 230, na waliopata artesunate hata degedege ya kuanza wakiwa wodini ilipungua. Ndo maana kwinini ikawekwa pembeni na leo unachomwa artesunate. Angalia sasa kitu kimoja: hao watafiti wameandika mpaka waliowafia. Wamesema wazi, hawa tuliwapoteza, idadi yao hii hapa. Yule wa voisi ameshawahi kukwambia wangapi wamemfia? Hawezi, maana hajawahi kuhesabu.

Na hiyo artesunate inachomwa akifika, inarudiwa baada ya saa 12, inarudiwa ikitimia saa 24. Sindano ya kwanza tunaweza kumpa hata hapa zahanati kabla hajapelekwa hospitali kubwa. Kwa hiyo mama usimtoroshe mtoto wodini usiku eti amefungua macho, kufungua macho ni sindano moja, bado mbili, na baada ya hapo kuna vidonge vya kumalizia.

Mbona wataalamu wenyewe mnabadilika badilika, leo hivi kesho vile?

Nalisikia sana hili, hasa kwa wazee, na wana haki. Walikunywa klorokwini, dawa ya malaria ya enzi hizo, chungu, alafu inawasha mwili mzima mtu anajikuna kama ana upupu. Mwaka 2001 wakaambiwa acheni, tumieni SP, dawa nyingine ya vidonge. Miaka michache baadaye wakaambiwa acheni na hiyo, sasa ni dawa mseto, yaani dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Inaonekana kama usanii. Ila kilichobadilika ni mdudu wa malaria, alishaizoea klorokwini, watu wakawa wanamaliza dozi na homa iko palepale. Ungependa tung'ang'anie dawa isiyoua mdudu ili tuonekane tuna msimamo? SP yenyewe haijatupwa, mama wajawazito bado wanaimeza kliniki kwa ajili ya kinga.

Mitishamba je? Hata dawa zenu si zinatoka kwenye miti?

Zinatoka ndio. Hii artesunate asili yake ni mmea wa Kichina, na mama aliyegundua dawa ya mmea huo, ambayo artesunate inatengenezwa nayo, anaitwa Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel 2015. Alianzia kwenye vitabu vya zamani vya waganga wa kwao, hakuwadharau hata kidogo. Lakini soma na nusu ya pili ya hadithi: majani alikuwa anayatoa dawa kwa moto, dawa inagoma, akaja kugundua joto kali linaiharibu, akabadilisha njia akaitoa kwa joto dogo. Mwaka 1972 wakajijaribishia wenyewe kwanza, yeye na wenzake, kabla ya kumpa mgonjwa. Sasa wewe unachemsha sufuria nzima mpaka maji yamekuwa meusi, hujui dawa iliyobaki humo ni kiasi gani, mtoto ana kilo kumi, umempa kikombe. Tangu ile 2020 ya korona na nyungu naona kila mwenye sufuria ni daktari.

Sina ugomvi na bibi. Mwambie bibi mtoto tunampeleka akapimwe kwanza, akirudi ampake mafuta ya mise anavyotaka, anapendeza tu.

Homa nisubiri mpaka lini?

Usisubiri. Mtoto chini ya miaka mitano akichemka, ndani ya saa 24 awe ameshapimwa. Sio saa 24 baada ya mpapai kushindwa, saa 24 tangu homa ianze. Na ukiona hanyonyi au hanywi, anatapika kila kitu, amelegea haamki vizuri, au ameshapata degedege hata kama imekata yenyewe, hapo hamna saa 24 tena, ni sasa hivi, hata kama ni saa tisa usiku. Mnaoishi vijiji vya mwambao ambako usafiri ni boti tu ndo kabisa, nyie mnatakiwa muwahi kuliko wa mjini maana ziwa likichafuka hamtoki.

Akishikwa na degedege nyumbani nifanye nini?

Mlaze ubavu, chini, mbali na jiko. Mlegeze nguo. Usimtie kitu chochote mdomoni: kijiko hapana, kidole hapana, maji hapana, dawa ya kumeza hapana, mafuta ya taa ndo kabisa Mungu apishe mbali (nimeyaona, naandika hapa kwa sababu nimeyaona). Usimshike kwa nguvu kumzuia asitetemeke. Usimfukize moshi, mtoto anahitaji hewa wewe unampa moshi! Ita bodaboda. Hata ikikata njiani usigeuze, endelea mpaka ufike. Ukifika tutampima sukari, tutamwekea dawa ya kukata degedege, mara nyingi inapitia njia ya haja kubwa, na tutamchoma sindano. Na sindano haimuui. Nilishasema? Nasema tena.

Kile kipimo cha malaria cha kutoboa kidole si kinadanganya?

Kinatoa majibu ndani ya dakika 15 hadi 20 na ni cha kuaminika. Ila kina tabia yake moja: umeshameza dawa umepona, baada ya wiki mbili ukipima kinaweza kusema bado unayo, kwa sababu kinanusa mabaki ya mdudu kwenye damu. Hapo ndo watu wanaandika stetasi "dawa za zahanati feki". Mwambie anayekupima kwamba ulitumia dawa lini. Na kikisema huna malaria, usiende duka la dawa kununua mseto kwa kubembeleza. Dozi ya mseto inamezwa mara sita jumla ndani ya siku tatu, ya pili masaa manane baada ya ya kwanza, imezwe na chakula chenye mafuta kidogo, na sisi wa huku hatuna shida hiyo, ugali na migebuka, samaki wetu wa ziwani, ya mawese inatosha kabisa.

Nitajuaje klipu ni ya uongo?

Koti jeupe na kile kifaa cha shingoni sio ushahidi, vinauzwa. Siku hizi hata daktari mwenyewe anaweza akawa ametengenezwa na akili mnemba, mdomo unaenda huku sauti inaenda kule. Mi naangalia vitu vichache tu. Anakutisha? Anakuharakisha utume kwa watu wote? Mwisho anauza chupa na namba ya kulipia iko hapohapo? Anakwambia usiende hospitali? Hilo la mwisho likitajwa tu, funga. Kama una wasiwasi piga 199, ni namba ya Wizara ya Afya, ni bure, haili hata bando.

Na zile za chanjo kufunga kizazi?

Uongo. Chanjo ya HPV inamkinga binti na saratani ya mlango wa kizazi, mwenye binti wa miaka 9 hadi 14 ampeleke, ni dozi moja tu sasa hivi.

Mbona na nyie mnatukaripia? Ndo maana tunakimbilia simu.

Hapa mmenipata. Mama anafika amechelewa, badala ya kumpokea mtu anaanza "ulikuwa wapi siku zote", mbele ya watu. Nimeshafanya hivyo na mi mwenyewe. Kesho yake hutamuona, ataona bora yule wa voisi, yeye anaongea kwa upole na anamwita mama yangu. Najirekebisha, na mkinikuta siku nimekasirika niambieni. Lakini ukikaripiwa ukakasirika, kasirika huku mtoto ameshapimwa.

Na yule mtoto wa mafuta ya mise?

Tulimchoma palepale, mama amefumba macho, akapelekwa hospitali kubwa akaongezewa damu. Yuko hai, juzi amekuja kupimwa uzito akanipiga teke. Mama yake aliniomba nimrekodie maelezo ya sindano kwa Kiha amtumie bibi na lile grupu lao la ukoo. Nimerekodi, dakika moja na nusu. Kiha changu kibovu, naambiwa kwenye grupu wananicheka mpaka leo, ila imeshapata mishale miwili.