Shengnü si "mseja"

Wiki hii nimelisikia tena neno la Kichina, shengnü. Mkalimani, kijana mzuri tu na Kichina chake kimenyooka, akalifasiri kuwa "mwanamke ambaye hajaolewa". Kabla yake yupo aliyeniapia kwamba ni msemo wa wahenga wa China. Mwingine alidhani lina undugu na Sheng ya Nairobi, huyo nilimsamehe.

Maana kwa haraka: ni jina wanalobandikwa wanawake wa mjini, aghalabu wasomi wenye kipato chao, wanaokaribia miaka 30 au walioipita bila kuolewa. Basi.

Shida iko kwenye sheng. Nü ni mwanamke, hapo hakuna ugomvi. Sheng ni kubaki, lakini ni kule kubaki kwa shengfan, wali uliolala, na shengcai, mboga iliyosalia sufuriani. Sisi tunalo neno lake kabisa: kiporo. Mseja huenda kaamua mwenyewe. Kiporo hakiamui kitu. Watu wamekula wakashiba, chenyewe kimefunikiwa sahani. Ukisema "hajaolewa" umelifua tusi likatakata, halafu msikilizaji anashangaa kwa nini dada aliyeitwa hivyo amenuna.

Wahenga nao wasisingiziwe. Mwaka 2007 Wizara ya Elimu ya China ililitaja miongoni mwa maneno mapya 171. Tena hesabu yenyewe inalikataa: kwa sensa ya 2020, wanaume wa China waliwazidi wanawake kwa karibu milioni 35. Wanaobaki kwa wingi ni akina nani hapo? Wao huitwa guanggun, fimbo tupu, na wana siku yao, 11/11, tarakimu nne zilizosimama kama fimbo, ambayo wafanyabiashara wameigeuza gulio la nchi nzima. Mseja mwenye fedha ndiyo kabisa, anaitwa wa almasi.

Kazini mambo yanajipinda zaidi. Mwanamke akipanda cheo ataitwa nüqiangren, na hapo usikimbilie "mwanamke wa shoka": letu ni sifa tupu, lao lina kijembe ndani, kwamba nyumbani kwake kumepoa. Na kwenye usaili mwajiri anamwogopa huyo huyo anayeitwa kiporo, akihesabu kwamba kesho ataolewa, kesho kutwa atachukua likizo ya uzazi. Mambo yalifika mahali ambapo Februari 2019 idara tisa za serikali zilikataza waajiri kuwauliza wanawake habari za ndoa na watoto.

Baadhi ya wanawake wamelijibu hilo shengnü kwa kalamu. Matamshi ni yale yale, toni (kiimbo cha sauti) ile ile ya nne, ila wanaandika kwa herufi nyingine, sheng ya "ushindi". Kwa sikio huwezi kuzitofautisha.

Kwa hiyo, ndugu yangu mkalimani, likikujia tena sema "wanamwita kiporo". Ukumbi utaguna kidogo. Waache wagune, ndivyo linavyosikika kule.