Kipaumbele si kasi: tunayoyaamini kimakosa kuhusu foleni za mtandao

Wengi wakiwasha kipaumbele kwenye ruta hutarajia intaneti iende mbio. Haiendi. Kipaumbele huamua tu pakiti ipi (kipande kidogo cha data) ipite na ipi isubiri. Pasipo na foleni, hakina kazi.

"Laini yenye megabiti nyingi haihitaji kipaumbele."

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu watu hulipia kasi wasiyoihitaji. Simu ya sauti hutumia chini ya kilobiti 100 kwa sekunde, ila kwa kawaida pakiti yake hutoka kila milisekunde 20, nayo haivumilii kuchelewa. Mtu akianza kupandisha video ndefu, modemu hujaza kumbukumbu yake ya muda, na kila kipande cha sauti hujipanga nyuma ya mamia ya pakiti za video. Ndipo "halo, halo, unanisikia?" zinapoanza, huku kipimo cha kasi kikionyesha namba nzuri. Dawa yake ni kuweka kikomo cha kupandisha kwenye ruta, chini kidogo ya kasi halisi ya laini. Foleni itahamia ndani ya ruta, mahali unapoweza kuipanga. Mwaka 2012 wataalamu wa mitandao Kathleen Nichols na Van Jacobson walieleza CoDel, mbinu ya kudhibiti foleni inayoangalia pakiti imekaa foleni muda gani badala ya foleni ina urefu gani. Ruta yako ikiwa nayo, iwashe.

"Wi-Fi hutii kipaumbele kama kebo."

Kwenye kebo, swichi ina foleni zake na yenyewe ndiyo inayochagua. Hewani kila kifaa husikiliza kwanza, kisha husubiri kwa bahati nasibu. Madaraja ya kipaumbele hewani ni manne: sauti, video, kawaida na chinichini (kazi zisizo na haraka). Kwa kawaida sauti huanza kwa kuchagua namba kati ya 0 na 3, data ya kawaida kati ya 0 na 15, na mwenye namba ndogo hutangulia. Kwa hiyo sauti hushinda mara nyingi, si mara zote. Na kifaa cha mbali chenye mawimbi hafifu kikishaanza kutuma polepole, hakuna wa kukikatiza.

"Kwenye kebo, ngazi yenye namba kubwa ndiyo hutangulia." Karibu kweli. Ngazi za kipaumbele za Ethernet, yaani mtandao wa kebo, ni 0 hadi 7, lakini 1 iko chini ya 0.

"Alama ya kipaumbele hufika hadi mwisho wa safari." Kwa kawaida sauti huwekewa alama 46 ndani ya pakiti yenyewe (kipimo tofauti na zile ngazi za Ethernet), lakini mitandao mingi ya njiani huipuuza au huirudisha 0.