Mbwa aingie dukani, ndo kola ipimwe vizuri

Swali ambalo karibu kila kastoma huniuliza akiingia hapa dukani Nairobi ni moja tu, ati huu mkanda ulitoka kwa gari kuukuu, sasa utashika mbwa kweli? Na mimi namuuliza, mbwa mwenyewe ako wapi? Kama amemwacha nyumbani tunaongea sawa, lakini kuuziana ni siku nyingine akija naye, kwa sababu nimeuza na kushona vifaa vya mbwa vya risaiko muda mrefu wa kutosha kujua kwamba kola nzuri ikiwekwa kwa shingo isiyo yake ni kola mbaya, haijalishi ilitengenezwa na nini.

Tuanze na huo mkanda wa gari ninaoshonea kola basi, maana ndo wasiwasi wa wengi. Mkanda wa gari umefumwa kwa polista, tena umefumwa kushika mtu mzima gari likigonga ukuta, sembuse jamani shepadi wa kilo 40 anayevuta kumfuata paka. Polista haivutiki sana, hainywi maji vile naironi hunywa, kwa hivyo mbwa akiloa kwa mvua ya Aprili kola haikai na baridi shingoni siku nzima. Nguvu basi si shida. Shida iko kwa vitu vitatu ambavyo kastoma haangalii: ringi ya kufungia kamba, ushonaji, na historia ya huo mkanda kabla haujanifikia.

Mikanda mingi naitoa kwa wale jamaa wa kuvunja magari, Kirinyaga Road na kwingineko, na kila mmoja naupitisha kati ya vidole viwili polepole nikiwa naukunja dhidi ya mwanga wa dirisha. Gari likigonga na mtu amefunga mkanda, huo mkanda huvutika, na pale ulipopita kwa kile chuma cha begani na kwa ulimi wa kufungia panabaki alama, kamstari kanakong'aa kama plastiki iliyoyeyuka kidogo, ama mkanda unakuwa na mawimbi haulali bapa tena. Huo siuchukui hata nikipewa bure. Pia ule uliokaa kwa gari lililoachwa juani miaka, rangi imefifia upande mmoja na ukiusugua na kucha unatoa kama manyoya, huo jua limeshaumaliza. Kastoma wengine nikiwaonyesha hizi alama wanaanza kuangalia mikanda ya magari yao wenyewe, na wafanye hivyo tu, ni kitu cha maana.

Ringi nayo lazima iwe imechomelewa pale inapokutana. Ukiona ringi ina kaufa, hata kama ni kembamba kama unywele, siku mbwa atavuta kwa nguvu inafunguka na kamba inachomoka, na hapo polista yako ya kushika gari haijakusaidia na chochote. Ushonaji unatakiwa uwe mraba na msalaba ndani yake, uzi wa polista, si ule wa pamba wa nguo kwa sababu wa pamba huoza kwa jasho na maji. Ukienda duka lolote, si langu peke yake, geuza kitu uangalie upande wa ndani kabla hujaangalia rangi.

Sasa turudi kwa mbwa kuingia dukani. Kuna mama alikuja kutoka Ruaka na mbwa wake, mchanganyiko wa kienyeji na sijui nini kirefu chenye pua ndefu, akisema amenunua kola tatu pahali tofauti na zote mbwa anatoka. Alikuwa amepima shingo sawasawa kabisa, vidole viwili vinaingia kati ya kola na ngozi, kama inavyoshauriwa. Nikamwambia tembea naye hapo ndani kidogo, bodaboda ikapiga honi nje, mbwa akasimama, akarudi kinyumenyume, akainamisha kichwa, na kola ikapita juu ya masikio kama hakuna kitu. Kichwa chake kilikuwa chembamba kuliko shingo! Hakuna picha ya WhatsApp ingenionyesha hivyo. Huyo alihitaji ile kola ya vipande viwili ambayo mbwa akivuta inakaza kiasi halafu inasimama hapo, haimnyongi, na akilegea inalegea. Tukamshonea palepale akingoja, kutoka kwa kipande cha mkanda wa kiti cha nyuma cha gari la Probox, na tukajaribu mara kadhaa mbwa akirudi nyuma vile alivyofanya kwanza. Hakutoka. Mama akapiga magoti kwa mkeka akamkumbatia mbwa, akaniambia kwamba miezi yote hiyo hakuwa anampeleka popote kwa kuogopa atagongwa na gari.

Kuna pia wale wadogo, na hapa spitzi ndo wengi sana Nairobi. Mkanda wa gari una upana wa karibu sentimita 5, ukimwekea spitzi anashindwa kuinamisha kichwa. Na huwezi kuukata katikati kwa urefu ukadhani umemaliza, nyuzi zitafumuka zote. Kwa wadogo natumia kamba za mabegi ya mgongoni ya mitumba, zile za mabegani huwa ni nyembamba na bado zina nguvu, ama jinzi ya soko la Gikomba iliyokunjwa mara kadhaa na kushonwa. Pagi na buldogi, wale wenye pua imeingia ndani, siwauzii kola ya kufungia kamba kabisa, wanapata shida ya kupumua tayari, hao ni hanesi, ile mikanda inayozunguka kifua badala ya shingo. Na hanesi isikae kwa kwapa, iache nafasi nyuma ya mguu wa mbele, la sivyo itamchubua na mwenyewe atadhani mbwa amekuwa mvivu wa kutembea.

Wanaonigusa moyo zaidi ni mbwa wa geti. Unajua vile ilivyo hapa kwetu, kibao cha MBWA KALI kimeandikwa kwa rangi nyekundu, mbwa anafungiwa kibanda asubuhi anafunguliwa usiku, maisha yake yote kitu pekee kimewahi kumgusa shingo ni mnyororo. Siku mwenyewe anaamua kumpeleka matembezi, anamleta kwa buti ya gari, na huyo mbwa kali akiingia ndani anajificha nyuma ya miguu ya mwenyewe, anatetemeka, sakafu ya vigae inamtisha kwa sababu makucha yanateleza. Ndo maana sakafu yangu yote nimetandika mikeka ya mpira wa matairi, si urembo. Huyo hatumvishi kitu mara moja. Tunaweka hanesi chini, tunaweka vipande vya maini juu yake, tunamwacha anuse akae akule, halafu tunamgusa nayo mgongoni, halafu kifuani, na ikiwezekana tunachagua ile inayofungwa kwa pembeni ili isipitishwe juu ya kichwa. Inaweza kuchukua saa nzima na kastoma mwingine anangoja na analalamika kidogo, lakini wengi wakiona wananyamaza na wanaanza kusaidia. Kijana mmoja alikaa chini na mbwa wa mzee asiyemjua, akimkatia maini vipande vidogo vidogo, na alikuwa amekuja tu kununua bakuli.

Kuingiza mbwa dukani kuna masharti yake na siyalegezi kwa mtu yeyote. Kadi ya chanjo naiona kwanza. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu Kenya, na lengo la serikali ni kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na hiyo haitawezekana bila angalau asilimia 70 ya mbwa kuchanjwa, kwa hivyo duka kama langu ni pahali pazuri pa kumkumbusha mtu kwamba chanjo ya kwanza ni miezi mitatu na inarudiwa. Watoto wa mbwa ambao hawajamaliza chanjo wanabebwa mkononi, hawakanyagi mkeka, kwa sababu ya pavo, ule ugonjwa wa kuhara unaoua mbwa wadogo. Kirusi cha pavo kinaweza kukaa kwa mazingira miezi na sabuni ya kawaida hakiijali, inatakiwa jiki na uiache ikae kama dakika 10 kabla ya kupangusa. Kastoma wengine huona ni dharau nikiwaambia wambebe. Nawaeleza. Mwenye ameshawahi kupoteza mbwa mdogo kwa pavo hahitaji kuelezwa mara mbili.

Alafu kuna watu wasiotaka kuguswa na mbwa na wana haki yao. Nina majirani Waislamu na kastoma Waislamu pia, wengine wanafuga mbwa wa ulinzi, jambo ambalo linakubalika, lakini mate ya mbwa kwa nguo ni kazi ya kujitwaharisha kabla ya swala. Upande wa kulia wa mlango ni wa watu peke yake, mbwa hawafiki, na bidhaa ziko hapo za kuangalia. Mzee mmoja ananunua hapo kila mara, kamba ndefu na mabakuli, mbwa wake anapimwa na askari wa geti lake huku yeye akiwa kwa kiti chake upande ule, na tunaongea vizuri kabisa.

Sasa vile vitu ambavyo watu huomba na nakataa. Ndala! Tangu ile dau ya Flipflopi iliyoundwa Lamu kwa plastiki na ndala zilizookotwa ufuoni isafiri hadi Zanzibar 2019, watu wameingiwa na moyo wa kutumia kila kitu, na ni moyo mzuri sana, lakini ndala kama toi ya kutafuna hapana. Mbwa anakata kipande anameza, na kile kipande kinaweza kuziba utumbo, hapo ni upasuaji. Tairi vilevile, lile lenye waya za chuma ndani ukimpa mbwa atafune waya zinatokeza zinamchana fizi, hilo liache kwa fundi wa akala anayejua pa kukata. Gunia la plastiki nalo watu wanaliona ni zuri kwa kitanda cha nje, likikaa juani linaanza kupukutika vipande vidogo na mbwa anavilamba. Kitanda cha nje nafanya kwa turubai la lori ama mabango ya matangazo.

Mabango yaliletwa mengi sana baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, yale makubwa ya barabarani, hayapitishi maji na yanaoshwa kwa mpira, ni chini ya kitanda pazuri kuliko kitu chochote kipya ninachoweza kununua kwa bei hiyo. Tatizo ni sura. Kastoma mmoja alikataa katakata kitanda chenye mgombea wake, akasema hawezi kumweka chini ya mbwa, mwingine akataka kujua kama tuko na yule wa upande wa pili. Nimeamua sura zote zinageuzwa ndani, unaona nyeupe tu. Duka ni la kila mtu.

Kujaza ndani ya kitanda ni vitambaa vya mitumba visivyovalika tena, na hapa kazi ni kutoa vifungo, zipu na zile ribiti za jinzi, vile vichuma vya mifukoni, moja baada ya nyingine, kwa sababu mbwa atachimba kitanda siku moja na atavipata. Ndo maana nikiulizwa “hizi si takataka, mbona bei hivi?” huwa namkalisha kastoma karibu na meza ya dada anayefumua, amuone akitoa nyuzi za mkanda mmoja wa begi kwa sindano, aone maji ya kuosha yanavyotoka meusi. Malighafi ni rahisi kweli, mikono ndo ghali. Na ganda la kitanda lazima litoke lioshwe kwa maji moto kila wiki, la sivyo viroboto watakaa hapo raha mstarehe hata ukimpaka mbwa dawa gani.

Wateja pia wamenipa kitu ambacho nisingefikiria. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 watu wanaotembeza mbwa wamekuwa wakihangaika na kinyesi, na ni mteja mmoja aliyenionyesha pakiti ya unga, ile ya karatasi ya kilo 2. Mkono unaingia ndani kama glavu, unachukua, unaikunja juu, basi. Sai nina kijimfuko cha jinzi kinachoning'inia kwa kamba chenye saizi ya pakiti mbili zilizokunjwa, na wanaoenda msitu wa Karura na mbwa kwa kamba wananunua hicho kuliko kitu kingine chochote.

Kitu kikichakaa kirudishe. Mshono ukiachia nashona bure, mkanda wenyewe ukiisha nachukua ringi na kifungio na unapunguziwa bei ya mpya. Watu wa Pwani nao mniambie mapema mkiagiza, kwa sababu ringi ya chuma ya kawaida ikipata chumvi ya bahari ya Mombasa ama Diani inaanza kutu, na kutu inakula ule mkanda pale zinapogusana kabla hata ringi haijakatika. Kwenu naweka ringi isiyoshika kutu, ni ghali kidogo, na mbwa akitoka kuogelea msuuze na maji yasiyo na chumvi pamoja na kola yake, mfungulie kola ikauke, na mpitishe kidole chini ya manyoya ya shingo kuona kama pamewasha. Shingo mnaipima wenyewe kama hamwezi kufika, lakini nitumieni video mbwa akivutwa akirudi nyuma, picha haitoshi.